Unguja kwa Anayeishi Chomboni

Kwa miezi saba mimi na mume wangu tuliishi ndani ya mashua yetu ya tanga mbele ya Mji Mkongwe, Unguja, na ninawaandikia wale wanaopanga kufanya hivyo baada ya kuvutiwa na picha. Kisiwa ni kizuri mno. Lakini uzuri huo umeandaliwa kwa mgeni wa hotelini, ilhali anayelala chomboni hutegemea nanga yake.

Wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, bahari hapo hupanda na kushuka kwa takriban mita 4, hivyo penye kina cha mita 3 maji yakipwa huwa na mita 7 yakijaa. Ili nanga ishike sawasawa unahitaji mnyororo wa mita 35 hivi, na chombo chenye mnyororo mrefu namna hiyo huzunguka eneo kubwa, katikati ya boti za watalii, majahazi na mawimbi ya meli za abiria ziendazo Dar es Salaam. Usiku tuliamka mara kwa mara kuangalia kama tumemkaribia jirani. Mchana, tukienda sokoni Darajani, ilitubidi turudi kwa saa ya bahari. Siku tuliyochelewa tulikuta boti yetu ya mpira imepwelewa mbali na maji, na injini yake ni nzito kwa watu wawili.

Wakati wa kusi, upepo wa kusini, upande wa Forodhani ulitukinga. Kaskazi, upepo wa kaskazini, ilipoanza mwezi wa Desemba, upande huohuo ukawa wazi kwa mawimbi, tukahamia kusini mwa Rasi ya Shangani. Paje na Jambiani, fukwe za mashariki zinazosifiwa kuliko kwingine kote, hazifai kabisa kwa chombo chenye mkuku (uti wa chini) mrefu, kwa kuwa maji yakipwa eneo lililo kati ya ufuo na mwamba wa matumbawe hubaki karibu kavu.

Maji ya kunywa na dizeli tulivibeba kwa madumu.

Ningeanza upya, ningeweka makao ndani ya mkono wa bahari wa Kilifi, nchini Kenya, ambako maji yametulia, kisha nikaizuru Unguja kwa siku chache baada ya kukamilisha hati za kuvuka mpaka. Safari hiyo ningeipanga iangukie maji mafu, kuanzia siku ya 8 au ya 22 ya mwezi mwandamo, bahari inapopanda na kushuka kidogo na boti ikaweza kuachwa ufukoni kwa saa kadhaa.