Kundi la Watu 31 na Hakuna Anayeongea

Mwaka jana nilikaa nikapekua kundi letu la ukoo kwenye WhatsApp, nikarudi nyuma wiki nzima. Picha za maua zenye "Asubuhi njema", dua zilizofowadiwa, video ya mtoto nisiyemjua akicheza, tangazo la mchango. Watu 31, na wiki nzima hakuna aliyemuuliza mwenzake swali hata moja. Kinara wa maua, kwa aibu yangu, nilikuwa mimi, admini.

Simu tulikuwa nazo, bando pia. Kilichokosekana ni mtu kujua kwamba anangojewa ajibu, yeye na si mwingine. Kipaza sauti nacho kinawafikia wengi, ila hakuna anayekiita maongezi.

SMS ya kwanza ilitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992. Mhandisi Neil Papworth aliichapa kwenye kompyuta, salamu za Krismasi. Aliyetumiwa akaisoma kwenye simu yake, na hapo ikaishia, kwa sababu simu ile ilijua kupokea tu. Kila nikiikumbuka habari hiyo naliona kundi letu.

Na si wahandisi wanaoamua chombo kitatumika vipi. Miongo ya mwanzo ya simu, kampuni za Marekani zilitaka iwe ya biashara na dharura. Wapiga soga, hasa wanawake, walisemwa. Soga hazikukoma. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1920, kampuni hizohizo zikawa zinaitangaza simu kuwa njia ya kujuliana hali! Kubipu je? Hakuna aliyekibuni kiwandani. Mtu hana salio, anapiga na kukata, na wa upande wa pili anaelewa "nimefika" au "nipigie", kwa vile walishakubaliana.

Nilianza vibaya. Nilipiga marufuku kufowadi, kundi likanyamaza siku tisa. Siku ya kumi nikaandika: "Mama mdogo, shikamoo. Kile kitambaa cha rangi ya machungwa ulichokuwa unafuma, ulikimaliza?"

Baada ya saa moja ukaja ujumbe wa sauti wa dakika nne. Maji yanatiririka kwenye sinki, anakohoa, anacheka peke yake, kisha anasema hajamaliza, sindano ya kufumia imepotea tangu tulipomtembelea. Binamu yangu akadakia: anayo yeye, aliichukua kufungulia laini ya simu akasahau kuirudisha. Jioni ile watu kumi na moja waliandika, wengine sikuwa hata na uhakika kama bado wana namba zilezile.

Kwa hiyo, ukitaka kundi lako lizungumze, taja jina la mtu na uliza jambo moja linalojibika. "Hamjambo wote?" kila mmoja humwachia mwenzake. Usiulize jambo la kumuumbua mbele ya ukoo. Hilo mfuate pembeni. Mkubaliane pia kuhusu tiki za buluu. Sisi tuliwahi kununiana kwa ajili yake, mtu kasoma kakaa kimya, basi kadharau. Siku hizi tumeelewana kwamba kusoma si ahadi ya kujibu papo hapo, anayetaka jibu la haraka apige. Ujumbe wa sauti usizidi dakika moja. (Mama mdogo haifuati sheria hii, na hakuna mwenye ubavu wa kumwambia.)

Maua bado yanakuja, sasa kutoka kwa mjomba. Mwezi uliopita nilimjibu: "Mjomba, haya umeyapiga picha mwenyewe?" Siku mbili kimya. Ya tatu akatuma picha yenye ukungu, ua moja jekundu kwenye kopo, nusu ya picha imezibwa na kidole gumba chake. Chini yake ameandika: "Hili ndilo langu."