Maswali ya Kaunta: Nani Ameichezea Stauti Yetu?

Niligusia stauti, ile bia nyeusi kama Guinness, mara moja tu katika safu hii, nikasema wazee wa Malindi wanalalamika kwamba si ile waliyoizoea. Ujumbe uliofuata sikuutarajia: Maweni, Muyeye, Barani, hadi Watamu. Nimechagua michache. Msimamo wangu nautanguliza ili tusipotezeane muda. Mnywaji akisema kuna kitu kimebadilika, mara nyingi yuko sawa. Akianza kueleza ni kitu gani, hapo namsikiliza kwa sikio moja.

Shikamoo Mzee. Zamani stauti moja kubwa ilikutia adabu. Siku hizi namaliza tatu na gazeti nalisoma bila miwani. Wamepunguza ukali? – Mpenda Kubwa, Maweni

Marahaba. Geuza chupa usome lebo, asilimia ya alkoholi imeandikwa hapo. Watu wengi hubishana usiku kucha juu ya jambo ambalo limechapishwa kwenye karatasi wanayoibandua kwa kucha.

Jina moja hubeba bia nyingi. Guinness ya bomba wanayokunywa kule Dublin ina asilimia 4.2 hivi. Foreign Extra Stout inayopikwa Ireland ina 7.5, na yetu ya Kenya huandikwa pungufu kidogo ya hapo. Kwa hiyo ukimsikia mtu aliyerudi Ulaya akisema kule ni kali zaidi, muulize kwanza alikunywa ipi. Huenda alikunywa nyepesi kuliko yako, ila aliilipia kwa pauni.

Hofu yako hata hivyo ina msingi katika historia. Vita Vikuu vya Kwanza vilishusha ukali wa bia Uingereza na Ireland, kwa sababu nafaka ilihitajika kuwa chakula na serikali ilihitaji kodi. Vita vikaisha, ukali wa zamani haukurudi. Na hapa kwetu, tangu mwisho wa 2024, ushuru wa bia unahesabiwa kwa kiasi cha alkoholi safi kilichomo, si kwa wingi wa kinywaji peke yake. Fanya hesabu mwenyewe: chupa ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina sentilita 2.5 za alkoholi, yenye asilimia 4 ina 2. Mtengenezaji yeyote mwenye kikokotoo anaona nafuu iko wapi. Sisemi kuna aliyefanya hivyo na stauti yako. Nasema lebo ndiyo ya kuchunga, mwaka hadi mwaka.

Kuhusu hizo tatu na gazeti: mwili nao huzoea. Huo si ushahidi dhidi ya kiwanda, na ningekuwa wewe ningeutaja kwa daktari.

Mimi ni mhudumu wa baa ya hoteli. Wageni kutoka Ireland wakifunguliwa chupa ya Guinness hukunja uso, wanasema hii siyo. Mmoja alitoa kopo lake kwenye begi, likawa linagonga ndani kama lina jiwe. Nani mkweli? – Mhudumu, Watamu

Wote wakweli, mwanangu. Mgeni wako amezoea ile ya bomba, inayosukumwa kwa mchanganyiko wa gesi ambao kama robo tatu yake ni naitrojeni, na iliyobaki ni kaboni dioksaidi. Naitrojeni haipendi kuyeyuka ndani ya bia. Ikipata nafasi inatoka kwa viputo vidogo sana, povu linakuwa zito, linadumu hadi chini ya gilasi, na ulimi haupati mchomo. Chupa uliyomfungulia wewe ina kaboni dioksaidi, ina alkoholi nyingi zaidi na uchungu wa kutosha. Yeye alitarajia kitu laini, akapigwa kofi.

Hapa kuna jambo ninalolipenda. Hiyo ya bomba anayoiita ya asili ilibuniwa 1959. Mtaalamu wa hisabati aliyeajiriwa na kampuni, Michael Ash, ndiye aliyeongoza kazi ya kutia naitrojeni, na wenzake kiwandani walimcheka. Kabla ya hapo wauza baa wa Ireland walimimina kutoka mapipa mawili, moja lenye bia iliyotulia na moja lenye bia changa yenye povu, na kila mmoja alikuwa na mkono wake. Hata mapipa ya mbao yaliachwa kwa ajili ya chuma katika miaka hiyohiyo. Babu wa mgeni wako alikuwa na haki ya kukunja uso vilevile.

Kinachogonga ndani ya kopo ni kidude cha plastiki chenye naitrojeni. Kilianza kuuzwa ndani ya makopo 1988. Ukifungua, shinikizo la kopo linashuka ghafla, gesi inachuruzika kwa nguvu kutoka ndani ya kidude, na povu la bomba linapatikana nyumbani. Mwambie asinywe kwenye kopo. Amimine yote kwenye gilasi kubwa kwa mkupuo mmoja, kisha asubiri itulie.

Baridi ama moto? Wenzangu wananicheka nikiagiza moto, wanasema ni ushamba wa wazee. – Mnywa Moto, Barani

Ushamba gani? Baridi kali huua ladha. Ulimi ukigandishwa hausikii shayiri iliyokaangwa, hausikii harufu ya kahawa wala ule utamu wa mbali unaokuja ukishameza. Inabaki kiu tu kuondoka. Na si wazee wa Barani peke yao wanaonung'unika. Guinness ilipoleta bomba la Extra Cold huko Ulaya, mwishoni mwa miaka ya 1990, kwa nyuzi chache tu juu ya barafu, wanywaji wa muda mrefu walisema bia yao imefanywa ya vijana wasiopenda ladha ya bia. Nadhani walikuwa na hoja.

Lakini nawe usijipe cheo. Mtu wa Ireland akisema yake haikuwa baridi, anazungumzia ghala la chini ya ardhi, nyuzi 12 au hapo karibu. "Moto" ya Malindi ni joto la chumba la mwezi wa Februari, nyuzi 30 na zaidi. Hiyo hakuna mpishi wa bia aliyeikusudia. Kwenye joto hilo alkoholi inapanda puani, na povu linakimbia nje ya chupa. Itoe kwenye friji, iache mezani robo saa, kunywa. Hapo umepata vyote.

Na hapa ndipo ninapoweka lawama nyingi zaidi kuliko kiwandani: kreti zinazokaa juani mbele ya duka tangu asubuhi. Joto linaizeesha bia. Hewa kidogo iliyobaki ndani ya chupa inafanya kazi haraka, uchungu safi unapotea, na badala yake unakuja utamu mzito na harufu ya boksi lililolowa. Stauti huficha ugonjwa huo kwa sababu ya weusi na mkaango wake, kwa hiyo mnywaji hasemi imeharibika. Anasema wameibadilisha. Jaribu duka jingine kabla ya kulaumu kampuni. Tazama na tarehe.

Mimi ni mvuvi. Nimeambiwa stauti husafishwa kwa matumbo ya samaki. Hii ni kweli au dhihaka? – Fundi wa Nyavu, Shela ya Malindi

Si matumbo, ni kibofu cha hewa. Wavuvi wa Ziwa Viktoria wanakijua vizuri, mabondo ya mbuta wanayakausha na kuuza ghali ng'ambo. Kikikaushwa na kuyeyushwa kinakuwa ute unaozishika chembe za hamira na kuzishusha chini, bia ikawa safi. Wapishi wa Uingereza na Ireland walikitumia kwa miaka mingi. Mwaka 2015 Guinness ilitangaza kwamba inaacha na kuleta mtambo mpya wa kuchuja huko Dublin, ili hata wasiokula chochote cha mnyama waweze kunywa. Badiliko hilo ni kubwa na la kweli, lilitangazwa waziwazi, na sijapata barua hata moja ya mtu aliyelitambua kwa ulimi. Nyingi ninazopata zinahusu mabadiliko ambayo hayakutokea.

Nimejifungua mwezi uliopita. Mama mkwe ananiletea stauti, anasema inaongeza damu na maziwa. Ila analalamika kwamba ya siku hizi wametoa madini. – Mama Mchanga, Muyeye

Hongera sana, mama. Hawajatoa kitu, kwa sababu hakikuwepo. Painti nzima ya Guinness ina kama miligramu 0.3 za madini ya chuma, ilhali mwanamke wa umri wa kuzaa huhitaji takriban 18 kwa siku. Mama mkwe hakuitunga imani hii. Mwaka 1929 tangazo la kampuni kule Uingereza liliahidi kwamba kinywaji hicho ni kizuri kwako, na kulikuwa na hospitali zilizokuwa zikiwapa wagonjwa na waliotoa damu. Kampuni yenyewe ilishaacha kudai hivyo. Alkoholi hupita kwenye maziwa. Mchicha, maharagwe, maini ukipata, na vidonge vya kliniki. Stauti mpe baba mtoto, akitaka.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ndiyo yaliyoipata stauti. Mnazi wetu ndio kinywaji pekee ambacho hakijabadilika. – Mzee wa Mangweni, njia ya Gede

Mzee wangu, shikamoo, lakini hapo sikubali. Mnazi? Ukiushusha alfajiri ni mtamu, mtoto anaweza kuudhani maji ya dafu. Adhuhuri umeanza kuuma. Jioni ni mkali, na kesho yake unatafutiwa kachumbari. Hakuna kinywaji kinachobadilika kama hicho katika Pwani nzima, na sisi tunaupenda kwa sababu hiyo. Tofauti ni kwamba mgema unamjua, unamwona anashuka na kitoma chake, na ukitilia shaka unamuuliza. Mpishi wa stauti humwoni. Nadhani nusu ya hasira ya wanywaji inatoka hapo: uamuzi unafanywa mbali, na wewe unaukuta kinywani.

Hiyo "asili" tunayoililia nayo imehama mara nyingi. Arthur Guinness alikodi kiwanda cha St. James's Gate 1759, lakini weusi wa leo haukuwepo. Ulikuja baada ya 1817, mwaka ambao Daniel Wheeler alipata hati ya ubunifu wa pipa la chuma la kukaangia kimea, yaani nafaka iliyooteshwa na kukaushwa, na wapishi wakaweza kupata rangi nyeusi kwa kimea kidogo tu. Bila shaka kulikuwa na mzee Dublin aliyesema ya kahawia ilikuwa bora.

Kisa cha Nigeria ndicho kinachonifurahisha zaidi. Miaka ya 1980 serikali yao ilizuia kuingiza shayiri, wapishi wakalazimika kutumia mtama na mahindi. Guinness waliliweza kwa sababu ya dawa yao ya siri: Dublin hupika ute mzito mweusi wa shayiri iliyokaangwa na hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, haisafirishi bia, inasafirisha ladha. Kiwanda cha nchi nyingine kinapika bia nyeupe kwa nafaka ya huko, kisha kinachanganya. Ungetegemea Wanigeria waseme ni bandia. Leo stauti ya Nigeria inasafirishwa hadi London, na wapo wanaoipita ya Dublin dukani ili waipate hiyo.

Tumebishana kwenye kijiwe chetu: mwenzetu anaapa anaitofautisha stauti ya chupa ya zamani na ya kopo jipya. Tumpime vipi bila kupigana? – Kijiwe cha Soko

Gilasi tatu zilizofunikwa karatasi. Mbili mimina ya aina moja, ya tatu nyingine, zote za baridi moja, na anayemimina asiwepo wakati wa kuonja. Mwenzenu ataje ipi ni tofauti. Akibahatisha, ana nafasi moja kati ya tatu. Rudieni mara tatu. Akipata zote, bahati peke yake ingemfikisha hapo mara moja katika 27, basi mpeni heshima yake na mlipe bili. Onjeni kidogo kidogo, raundi za mwisho huharibiwa na za kwanza.

Mkipenda kujua, hesabu za namna hii zina undugu na bia hiyohiyo. William Sealy Gosset, aliyekuwa akifanya kazi Guinness, alichapisha 1908 njia ya kupima vipimo vichache bila kudanganyika, akitumia jina la kalamu "Student". Wanafunzi wa vyuo vikuu wanaumiza nayo vichwa hadi leo.

Ile Guinness ya 0.0, isiyo na kileo, Muislamu anaweza kunywa? – Asiyetaka kutajwa

Mimi naweza kukuambia kwamba hupikwa kama bia, kisha alkoholi ikachujwa kwa baridi, ikabaki si zaidi ya asilimia 0.05. Ilitoka Oktoba 2020 na ikarudishwa kiwandani baada ya wiki mbili hivi kwa hofu ya vijidudu, ikatokea tena 2021. Lililobaki muulize sheikh wako, na umwambie ukweli kuhusu ilivyopikwa.

Mimi huchanganya stauti na Coca-Cola, nusu kwa nusu. Nakosea? – Dereva wa Tuktuk, Ngala

Hukosei, umelipia. Ila usije ukaniandikia mwezi ujao kwamba stauti imekuwa tamu.