Jini, mzimu au mzuka: nani anayeshuka ngazi za bweni?

SWALI

Mwanafunzi wa chuo kimoja hapa Malindi, ambaye yeye na wenzake wanahariri kijitabu cha visa vya kutisha vinavyosimuliwa bwenini, ameniandikia hivi: «Shikamoo, Mwalimu. Tumebishana juu ya sentensi hii: ‘Usiku wa manane jini la mwanafunzi aliyefariki zamani lilionekana likishuka ngazi za bweni, na wazimu wengine wakamfuata.’ Mwenzangu asema jini na mzimu ni mamoja, na kwamba upatanisho wa sarufi si hoja maadamu msomaji ataogopa. Tena tumetafsiri kisa cha Uingereza tukakiita ‘Jini la Jeremy Bentham’, na kijitabu chenyewe tumekipa jina ‘Visakale vya Bweni’. Tusahihishe wapi?»

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nianze na jini, kwa kuwa ndipo penye kosa kubwa. Kwa itikadi ya watu wa pwani, iliyofungamana na Uislamu, jini ni kiumbe wa namna yake aliyeumbwa kwa moto, na Qurani ina sura nzima, ya 72, iitwayo kwa jina la majini. Ana ukoo wake na dini yake, huoa na kuzaa, lakini hakuwahi kuwa binadamu, wala binadamu hageuki jini kwa kufa. Kwa hiyo mtu wa Lamu au wa Malindi akisoma ‘jini la mwanafunzi aliyefariki’ hafikirii marehemu kurudi. Anafahamu kwamba mwanafunzi huyo alikuwa na jini, pengine wa kurithi kwao, pengine wa kutupiwa, na sasa amebaki bila mwenyewe. Hicho nacho ni kisa, labda kizuri kuliko chenu, ila sicho mlichokusudia kusimulia.

Kisa cha Bentham kimeharibika kwa njia iyo hiyo. Mwanafalsafa huyo alifariki mwaka 1832 akiwa ameacha wosia kwamba mwili wake uhifadhiwe, na hadi leo mifupa yake, iliyovikwa nguo zake mwenyewe na kuwekewa kichwa cha nta, imo katika University College London, ambako husimuliwa kwamba usiku husikika akigonga mkongojo wake koridoni. Mkiandika ‘Jini la Jeremy Bentham’, msomaji wa Shela atauliza ni mganga gani aliyempunga huko London. Andikeni ‘Mzimu wa Jeremy Bentham’.

Mzimu ndio neno la roho ya aliyekufa, na jirani zetu Wagiriama wana koma kwa maana iyo hiyo, neno ambalo Kiswahili cha pwani nacho kinalijua. Lakini mzimu una maana ya pili ambayo vijana wengi wa bweni hawaijui: ni mahali pa kutambikia, penye mbuyu mkubwa au pango, palipofungwa vitambaa na kuwekwa sadaka. Mkiandika ‘mzimu ulio nyuma ya bweni’ na nyuma ya bweni pana mbuyu, mzee atakayekisoma kijitabu chenu ataelewa kwamba chuo kimejengwa karibu na pahali pa tambiko, naye hatatishika, atasikitika. Wingi wake ni mizimu. Wazimu ni kichaa, na wenye kichaa ni wendawazimu, kwa hiyo ‘wazimu wengine wakamfuata’ haiwi mizimu na haiwi wendawazimu, haiwi kitu.

Sasa nije kwenye upatanisho, ambao mwenzako anaudharau. Mzimu hufuata ngeli yake: mzimu ulishuka, mizimu ilishuka. Jini, kwa kuwa ni kiumbe mwenye uhai, katika Kiswahili sanifu hupatanishwa kama watu: jini huyu alishuka, majini hawa walishuka. Mtu akisema ‘jini lile likashuka’, kama wasemavyo wengi, amelikuza au amelidunisha. Zimwi limebaki na li- yake, na methali ni shahidi: zimwi likujualo halikuli likakwisha.

Kiswahili hakimruhusu msimulizi kunyamaza juu ya jambo hili, kwa sababu kitenzi hakitamkiki mpaka kiambishi kiseme kama mtendaji ni wa a-, wa u-, wa li- au wa ki-. James Kirkman, mwanaakiolojia aliyeanza kuchimba magofu ya Gede mwaka 1948, aliwahi kuandika kwamba siku za mwanzo alihisi kuna kitu au mtu anayechungulia nyuma ya kuta, si adui wala rafiki. Kwa Kiingereza chake aliweza kuyaacha yote mawili yakae pamoja. Sisi tukifika kwenye kitenzi hatuna budi kuchagua baina ya ‘kinachungulia’ na ‘anachungulia’. Hapo ndipo ufundi ulipo. Msimulizi stadi huanza na ki-, ‘kitu kilishuka ngazi, kikasimama’, halafu pasipo maelezo yoyote akahamia a-, ‘akageuka’, na msikilizaji akavuta shuka. Ninyi pia mmehama, kutoka ‘lilionekana’ hadi ‘wakamfuata’, lakini mmehama kwa kutojua, na hilo huonekana.

Ipo njia ya kuukwepa uchaguzi huo, nayo ni hu- ya mazoea. ‘Hushuka ngazi usiku wa manane, husimama mlangoni, huita jina’: hu- haichukui kiambishi cha nafsi wala cha ngeli, basi anayeshuka hajulikani kama ni mtu, kitu au kivuli. Tena visa vya bwenini ni vya kujirudia, havisimulii jambo lililotukia mara moja, na kwa hiyo hu- inavifaa kuliko -li-.

Kuhusu maneno mengine nitasema machache. Pepo humpanda mtu, akapagawa na kupungwa. Wanafunzi wakipiga mayowe usiku bwenini pepo ndiye hutajwa, lakini si desturi kumtaja pepo akitembea koridoni peke yake. Mzuka, kutokana na kuzuka, unafaa sana pale msipojua kilichoonekana kimetoka wapi, kwa kuwa hausemi kama ni marehemu au jini. Jihadharini tu: kwa vijana wa siku hizi, hasa wa Tanzania, ‘nina mzuka’ ni kusema nina hamasa, na msomaji wa Dar es Salaam anaweza kucheka mahali mlipotaka ashtuke.

Sentensi yenu basi ningeiandika hivi: ‘Inasemekana kwamba usiku wa manane mzimu wa mwanafunzi aliyefariki zamani hushuka ngazi za bweni, na mizimu mingine huufuata.’ Mkitaka uwe mtu zaidi, liacheni neno mzimu baada ya kulitaja mara moja, mseme ‘mwanafunzi huyo’, na a- itakuja yenyewe.

Limebaki jina la kijitabu. Visakale, au mighani, ni masimulizi ya mashujaa ambao jamii nzima inawakumbuka, kama Fumo Liyongo, ambaye husimuliwa kwamba aliuawa na mwanawe kwa kuchomwa sindano ya shaba kitovuni. Mwanafunzi asiye na jina anayeonekana kwenye ngazi za bweni hajafika daraja hiyo. ‘Visa vya Bwenini’ yatosha, na mkiona ni jina kavu, ongezeni ‘vya Usiku’.