Kabla ya kuwasha mashine ya mtetemo, angalia vijiwe

Karakana ndogo ikianza kupata oda za mamia ya bushi au spea za pikipiki, tupa na msasa havitoshi tena. Kuondoa makali ukingoni kunakula muda kuliko kukereza kwenyewe, na hapo ndipo watu wanapoanza kuulizia bei ya mashine ya mtetemo. Nafanya kazi na mashine hii kila siku, na kila anayeniomba ushauri namjibu hivi: hela ya mashine isikumalize, bakiza ya vijiwe, yaani zile punje ngumu za kauri au plastiki zinazojazwa kwenye mashine ili zisugue vipande. Vijiwe ndivyo vinavyofanya kazi.

Mashine yenyewe ni beseni lililokaa juu ya springi. Chini yake kuna mota, na kwenye shafti yake vimefungwa vyuma vizito vilivyoelemea upande mmoja. Ikiwashwa, beseni linatetemeka, na vijiwe pamoja na vipande vyako vinazunguka taratibu huku vikijisokota kama kamba, vikisuguana muda wote. Maji yenye sabuni yake maalumu yanaingia juu na kutoka chini, yakibeba uchafu.

Kwa chuma cha pua na chuma cha kawaida natumia vijiwe vya kauri, maana vinakula haraka. Kwa alumini na shaba ya njano naona vya plastiki ni salama zaidi. Ni vyepesi, havigongi gongi hadi kuacha alama kwenye metali laini. Vipande unavyosafisha vikiwa vya plastiki, navyo vina tabia yake: ukivitia kwenye vijiwe vizito vinaelea juu na kubaki vinapigana vyenyewe.

Sasa ukubwa, na hapa naomba usiharakishe. Shika kipande chako mkono mmoja, kijiwe mkono mwingine, ukipitishe kwenye kila tundu. Kikipita kwa ulaini, jaribu viwili kwa pamoja, kwa sababu viwili vikiingia ubavu kwa ubavu vinakabana na hutavitoa bila nyundo na msumari. Halafu kumbuka vijiwe vinalika. Kile ambacho leo ni kikubwa mno kuingia tunduni, baada ya muda kitakuwa kimepungua na kunasa humo humo. Kwa hiyo chekecha mara kwa mara, vilivyochakaa viweke kando kwa kazi isiyo na matundu.

Ujazo wa vijiwe uwe kama mara tatu au nne ya ujazo wa vipande. Vile ambavyo hutaki vigongane kabisa, ongeza vijiwe hadi mara sita na zaidi. Utapata mzigo mdogo kwa mkupuo, ndiyo, lakini utakaopata utauzika.

Chuma na alumini usivichanganye kwenye beseni moja. Chembe za chuma zinajipachika kwenye alumini na baadaye zinatoa madoa ya kutu, mteja akidhani umempa mali ya zamani. Vumbi la alumini nalo lisiachwe likauke na kurundikana, linaweza kushika moto.

Vijiwe vikianza kung'aa na kuteleza mkononi, mafuta na metali vimevipaka usoni na havikati tena. Ongeza maji na sabuni, acha vizunguke bila mzigo mpaka vikwaruze kidole. Maji yanayotoka yapitishe kwanza kwenye tangi la kutuamisha tope, si moja kwa moja kwenye mtaro wa mtaani.

Mashine hii haichagui ukingo. Nyuzi za skrubu na kona inayotakiwa kubaki kali zitalainishwa pia, kwa hiyo pima kwa maikromita kabla na baada, ukianza na vipande vichache. Na undani wa tundu refu jembamba hautafikiwa. Huko tupa bado ina kazi.

Chuma kikitoka, kisuuze kwa maji yenye dawa ya kuzuia kutu, kisha kikaushe siku hiyo hiyo. Magunzi ya mahindi yaliyosagwa na kupashwa moto yanakausha vizuri sana, na kwetu magunzi hayana shida kupatikana. Hakikisha tu yamechekechwa vumbi, la sivyo litaganda kwenye nyuzi.