Waombeni waje kuwaona vijana wao

Mkuu, umeuliza timu yenu mpya ya wilaya itapataje mashabiki wakati kila mtu hapo ni Simba au Yanga. Msiwalazimishe wahame. Waombeni tu waje kuwaona vijana wao. Mbeya City, msimu wa 2013/14, wa kwanza kwao Ligi Kuu, walimaliza wa tatu nyuma ya Azam na Yanga, na Uwanja wao wa Sokoine ulijaa zambarau, rangi ya jezi yao. Ilikuwa timu ya Mbeya, basi.

Chagueni rangi moja, msiibadilishe. Jezi iuzwe kwa bei anayoimudu dereva wa bodaboda, tena iuzwe kijiweni kwake, siyo ofisini kwa katibu. Akifunga bendera yenu kwenye pikipiki, mji mzima umeiona. Watoto wenye sare za shule waingie bure. Ngoma na tarumbeta zipigwe hata mkiwa ishirini jukwaani.

Na tafadhali, ratiba ijulikane mapema! Mama aliyefunga genge lake akakuta mechi imesogezwa kimyakimya, harudi. Wachezaji nao wasikimbilie basi. Waende kwenye uzio kuwapa watu mikono, hasa siku mliyofungwa.