Nihamie Shela, kazi ikiwa Amu?

SWALI: Assalamu alaikum, Bibi. Nimepata kazi ya uhasibu katika ofisi moja hapa Amu, mjini Lamu. Tunaishi chumba cha kupanga Langoni, lakini mume wangu ameachiwa na nyanyake nyumba ya mawe kule kijiji cha Shela, kisiwani humu humu. Mamangu asema safari ya kila siku itanichosha, na nina mtoto mdogo. Nihamie?
— Mama Mtoto Mmoja, Langoni

JIBU: Waalaikumu salaam, mwanangu. Hamia. Mimi nilisomesha shule ya Amu miaka 22 na kila usiku nililala Shela, kwa hivyo sikwambii la kusikia.

Mwendo ni kama kilomita 3: dakika 40 kwa miguu, robo saa kwa boti. Kinachochosha si njia, ni kutoyajua maji. Yakipwa, unapita ufuoni mchanga mkavu. Yakijaa, hasa siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, ufuo hauna njia. Na kila siku maji huchelewa kama dakika 50 kuliko jana, basi saa ya kutoka nayo haikai pamoja. Mwaka wangu wa kwanza nilipuuza. Nikaingia darasani buibui limelowa hadi magotini, viatu mkononi, watoto kimya wananitazama. Siku ile ile niliandika tarehe za mwezi kwa chaki nyuma ya mlango.

Lakini jioni, mwanangu! Kelele za mjini umeziacha nyuma, boti inakaribia, unauona mnara mweupe wa Msikiti wa Ijumaa uliojengwa 1829, na moyo unatua. Mtoto wako atacheza vichochoroni bila gari la kumhofia. Atakua akijua kuwa wazee wa Shela walitoka mji wa kale wa Takwa, ng'ambo kule kisiwa cha Manda, na kwamba mpaka leo watu huvuka kwenda kuomba mvua kwenye magofu yale. Hata maji mnayokunywa hapo Langoni hutoka visima vya vilima vyetu vya mchanga, ndiyo maana anayetaka kujenga juu ya vilima vile hutukuta njiani.

Kazi kubwa ni nyumba yenyewe. Ukuta wa ndani kwangu fundi mmoja aliupaka saruji. Haikupita miaka 2, ukaanza kubanduka kama ganda la yai, chumvi nyeupe imetuna chini ya kidaka, kile kishubaka cha ukutani, nilichowekea Msahafu. Mawe ya matumbawe yataka chokaa, yapate kupumua; saruji huyafungia unyevu ndani. Mkiikuta, ibandueni yote, hata kama ni gharama. Boriti za mikoko nazo zigongwe moja moja, yenye mchwa hulia tupu.

Mamako mwalike alale siku mbili, umpe chumba cha upande wa bahari. Ila kwanza pandeni darini na fundi wa chokaa, kabla masika hayajaingia.