Jibu: HAS2 imepanda, mbona asidi ya hayaluroniki haijapanda?
Ndugu, unasema mRNA ya HAS2 (ujumbe wa jeni wa kutengeneza kimeng'enya kinachounda asidi ya hayaluroniki) imepanda mara 5 lakini asidi yenyewe, ambayo ni uzi mrefu wa sukari, kwenye maji ya kuoteshea seli iko palepale. Hilo halishangazi. Kazi yenyewe hufanywa na kimeng'enya kilichokaa kwenye utando wa seli, kinachopachika sukari mbili kwa zamu, kutoka UDP-glukuroneti na UDP-N-asetiliglukosamini, huku kikiusukuma uzi nje. Malighafi zikipungua, kinakaa bure hata kikiwa tele. Seli ikiishiwa nishati ndiyo balaa zaidi: AMPK, kimeng'enya kinachohisi upungufu wa nishati, hukibandika fosfeti kwenye asidi amino ya threonini iliyo nafasi ya 110 na kukizima. Anza kwa kukagua glukosi, basi, maana ndiko zinakotoka malighafi na nishati.

Seramu nayo ina asidi hiyo, kwa hiyo pima pia maji yasiyo na seli, kisha punguza kiasi hicho kwenye matokeo yako.

Halafu usipime maji peke yake. Sehemu ya uzi hung'ang'ania juu ya seli, kwenye CD44 (protini ya juu ya seli inayoushika) au kwenye kimeng'enya chenyewe. Iachilie kwa tripsini, inayokata protini. Hayaluronidasi hapo itakuharibia: inakatakata uzi, na vipimo vinavyotumia protini inayonasa asidi hiyo havishiki vizuri vipande vifupi mno.